Mashine ya Kukaza Ngozi Isivuke Kuja Manda, Bado

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zilinibana. Leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Naandika kuhusu nyuso zetu.

Sababu ni hii. Binti wa ammi yangu ana chumba chake cha urembo huku Manda, upande wa ufuo unaotazamana na Shela. Anapaka hina na piko, anawasinga maharusi, na msimu wa wageni ukifika anawafanyia masaji. Juzi alinitumia kwa WhatsApp picha ya mashine kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Guangzhou. Ni mashine ya kukaza ngozi kwa sindano ndogondogo na mawimbi ya redio. Bei yake pamoja na usafiri ni kama shilingi laki moja na nusu. Chini ya picha akaandika: "Wewe ndiye mtu wa kompyuta kwetu. Niangalilie kama ni nzuri, pesa za mchezo zatoka mwezi ujao."

Jibu langu ni fupi: usinunue. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu ambaye zamu yake ya mchezo huja mara moja kwa mwaka. Na si yeye peke yake anayewaza hivi. Matangazo ya mashine hizi yamejaa Instagram, kuanzia Mombasa na Dar hadi Muscat. Kwa hiyo nimeona niandike jibu refu, lisomwe na yeye na wengine.

Niseme msimamo wangu mapema, asije mtu akadhani napinga urembo au maendeleo. Teknolojia hii ni ya kweli, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ina faida ambayo teknolojia nyingine za ngozi hazina. Ninachopinga ni kuichukua kama pasi ya nguo, kwamba ukishaichomeka kwenye umeme basi kazi imeanza. Hii ni kompyuta yenye sindano. Na kompyuta ni kitu ninachokijua kidogo.

Kwanza, kitu chenyewe kinafanyaje kazi?

Wazee wetu walisikiliza redio kwa masafa ya kati, ile bendi ya AM inayoanzia takriban kilohezi 530 hadi 1,600. Mashine nyingi za kukaza ngozi zinatumia masafa ya megahezi 1 au 2. Megahezi 1 ni kilohezi 1,000, yaani karibu katikati ya bendi ile ile ya redio ya babu. Ndiyo maana jina lake lina neno redio. Hakuna miujiza hapo.

Tofauti ni kwamba hapa mawimbi hayarushwi hewani. Kichwa cha mashine kina sindano nyembamba nyingi zilizopangwa kama meno ya kitana. Zinaingia kwenye ngozi, halafu umeme unapita kutoka sindano hadi sindano. Umeme huo unabadili mwelekeo mara milioni moja au zaidi kwa sekunde. Mishipa ya fahamu na misuli haiwahi kuitikia kasi hiyo, kwa hiyo mtu harushwi kama aliyeshika waya. Lakini ngozi ina maji na chumvi, na inaukinza umeme unaopita. Ukinzani huo unazaa joto, kama waya mwembamba unavyopata moto ukizidishiwa mzigo.

Joto ndilo linalotafutwa. Ngozi ya ndani ina nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo ndizo zinazoifanya ngozi iwe imara. Zikifikia nyuzijoto kati ya 60 na 70 hivi, zinajikunja. Mwili unaona pameumia, unaleta mafundi wake, unajenga kolajeni mpya. Ujenzi huo unachukua miezi. Matokeo huonekana vizuri baada ya miezi mitatu hadi sita, na kwa kawaida mtu hufanyiwa zaidi ya mara moja, kwa nafasi ya wiki kadhaa. Kwa hiyo anayekuahidi uso mpya wikendi hii anakuuzia uvimbe. Uso ukivimba, makunyanzi hupotea kwa siku mbili tatu, kisha hurudi.

Sehemu zote mbili za mashine hii zina historia ndefu. Mwaka 1926 huko Boston, daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing alitumia kifaa cha umeme kilichotengenezwa na William Bovie kuzuia damu wakati wa upasuaji. Umeme wa masafa ya juu ndani ya nyama ya mwili una karibu miaka 100 kazini. Upande wa sindano, mmoja wa walioanzisha mbinu ya kuchoma ngozi kwa sindano nyingi ili ijijenge upya ni Mwafrika: Des Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya mawimbi ya redio kwa ajili ya makunyanzi ya kuzunguka macho, na hiyo haikuwa na sindano. Kuviunganisha viwili hivi kulikuja mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kwanini ngozi nyeusi inaipenda

Hapa nataka niisifie mashine, maana inastahili.

Leza ni mwanga. Mwanga hutafuta rangi, na rangi ya ngozi yetu ni melanini. Kwa mtu mweupe, leza nyingi hupita ngozi ya juu na kufika zinakotakiwa. Kwa mtu mweusi, melanini ya juu inaunyonya mwanga kabla haujafika, na ngozi ya juu ndiyo inayoungua. Anabaki na madoa meusi au meupe. Watu wengi wa kwetu wamerudi na madoa hayo wakalaumiwa kwamba ngozi yao ni ngumu.

Hata kipimo cha ngozi kinachotumika duniani hakikuanza na sisi. Thomas Fitzpatrick alikitengeneza mwaka 1975 kupima namna ngozi inavyoitikia jua, na mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe. Aina ya tano na ya sita, ndizo sisi, ziliongezwa baadaye. Sisi waandika programu tunaijua tabia hii: unatengeneza mfumo kwa watumiaji wanaofanana na wewe, halafu wengine unawabandika kama nyongeza.

Mawimbi ya redio hayajali rangi. Umeme haufuati melanini, unafuata maji na chumvi, na hivyo kila mtu anavyo. Tena zikitumika sindano zilizovishwa kihami na kuachwa wazi nchani tu, joto linatoka chini, ngozi ya juu inasalimika zaidi. Kwa makovu ya chunusi na ngozi iliyoanza kulegea, hatari ya kupata madoa ni ndogo kuliko kwa leza nyingi.

Ndogo, sikusema haipo. Ngozi nyeusi ikichomwa vibaya bado inaota madoa, na wenye asili ya kuota keloidi wanajua kwamba hata tundu la hereni linaweza kuwa msiba. Na haina nguvu za upasuaji. Ngozi iliyolegea sana haitanyanyuka kwa sindano.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mashine hii ni salama kwa ngozi nyeusi", nakubali nusu. Haibagui rangi, sawa. Lakini pia haijui iko kwenye uso wa nani. Haijui kama hapa ni shavu nene au ni paji la uso ambapo mfupa uko karibu. Haijui kama chini ya ngozi kuna mafuta ambayo ukiyapika hayarudi, na uso ukabonyea. Haijui mshipa wa fahamu unapita wapi. Nani anajua? Anayepanga namba, na programu iliyo ndani.

Namba nne na mistari michache ya programu

Ukiipunguza hadi mifupa, mashine hii inapokea namba nne: kina cha sindano, nguvu ya umeme, muda wa kila pigo, na idadi ya mapigo. Ngozi ya uso ina unene wa milimita 2 hivi au pungufu, na ya kope ni nyembamba kuliko hapo. Mashine nyingi zinaweza kuingiza sindano milimita 3 na zaidi. Unaona mwenyewe kwamba kosa la kubonyeza kitufe mara mbili linakutoa kwenye ngozi na kukupeleka kwenye mafuta.

Mashine nzuri haisubiri binadamu asikosee. Ndani yake kuna kitu kama hiki (nimekiandika kwa Kiswahili ili kieleweke):

washa umeme kwa nguvu na muda uliopangwa
kila baada ya muda mfupi sana:
    pima ukinzani wa ngozi
    kama umepanda kupita kiasi: zima
    kama sindano haijaingia yote: zima

Kwanini ukinzani? Kwa sababu nyama inayopikwa inakauka, na kitu kikavu kinaukinza umeme zaidi. Ukinzani ukipanda ghafla, ni ngozi inapiga kelele kwamba inaungua. Na sindano ikichomoka nusu, nusu iliyobaki inabeba umeme wote karibu na ngozi ya juu, hapo unapata alama za kuungua zilizojipanga mistari kama za wavu. Ile mistari michache ya programu ndiyo inayosimama kati ya mteja na kovu.

Sasa niwakumbushe kisa ambacho waliosoma sayansi ya kompyuta wamefundishwa, na ambao hawakusoma nawaomba wakijue. Kulikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada. Matoleo yaliyotangulia yalikuwa na vizuizi vya chuma na umeme: hata programu ikikosea, kizuizi kinagoma. Kwenye Therac-25 vingi ya vizuizi hivyo viliondolewa, kazi ikaachiwa programu. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita wa Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi kikubwa mno, na wasiopungua watatu walikufa. Moja ya makosa lilijitokeza pale mhudumu mwenye mkono mwepesi aliporekebisha namba haraka kuliko programu ilivyotarajia. Skrini ikaandika "Malfunction 54". Kitabu cha mashine hakikueleza maana yake vya kutosha. Mhudumu akabonyeza P kuendelea, maana alizoea mashine kulalamika kila siku.

Somo la Therac-25, kama lilivyochambuliwa na Nancy Leveson na Clark Turner mwaka 1993, halikuwa kosa la mstari mmoja tu. Lilikuwa kuamini programu ambayo hakuna mtu wa nje aliyeikagua, na kutosikiliza malalamiko ya kwanza. Na ile ilikuwa mashine ya hospitali, yenye kampuni inayojulikana na anwani yake. Sasa jiulize kuhusu mashine ya laki moja na nusu.

Nilichokiona kwenye ile ya Guangzhou

Nilimwomba muuzaji kitabu cha maelezo, akanitumia kurasa nane. Nguvu imeandikwa "kiwango cha 1 hadi 10". Kumi ya nini? Si wati, si jouli, haisemi. Masafa hayakuandikwa. Toleo la programu halikuandikwa. Umbo la nje limefanana mno na mashine moja maarufu, mpaka rangi ya kitufe.

Nikamwuliza maswali matatu. Ukinzani ukipanda, mashine inafanya nini? Sindano zina kihami? Nani aliipima? Akanijibu kwamba mashine inapendwa sana Afrika, na akaniongezea punguzo.

Kuna jambo lingine alilolitaja kama sifa: eti ncha ya sindano inaweza kutumika tena na tena, haina kikomo. Hapa tafadhali tulieni msome polepole. Ncha hizi zinaingia kwenye ngozi na kutoka na damu. Zimekusudiwa mtu mmoja, mara moja. Kwenye mashine nyingi za asili, ncha ina chipu inayohesabu mapigo na kukataa kufanya kazi tena. Watu wanadhani chipu ni ujanja wa kampuni kuuza ncha zaidi, na sikatai kwamba biashara ipo. Lakini chipu hiyo hiyo ni kufuli la usalama. Anayekuuzia mashine isiyo na kufuli anakuuzia uwezo wa kuhamisha damu ya Fatuma kwa Amina.

Mnadhani natia chumvi? Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti kuhusu wateja wa spa moja isiyo na leseni huko New Mexico walioambukizwa virusi vya UKIMWI. Walikuwa wamefanyiwa usoni matibabu ya sindano ndogondogo pamoja na damu yao wenyewe, mambo ya mwaka 2018. Wachunguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina, na dalili kwamba vifaa vya kutumika mara moja vilitumika tena. Hii ni Marekani, nchi yenye wakaguzi na maabara kila kona. Walienda kutafuta uso mwororo.

Hata zile zilizopitishwa

Mtu ataniambia: basi tatizo ni mashine za bei nafuu, ukinunua ya asili umepona. Bado.

Oktoba 2025 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu matumizi fulani ya mashine za sindano na mawimbi ya redio. Ilisema imepokea ripoti za madhara makubwa: kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta ya chini ya ngozi, kuharibika umbo, kuumia mishipa ya fahamu, na wengine kuhitaji upasuaji wa kurekebisha. Ikasisitiza kwamba hii ni tiba, si urembo wa kawaida, na isifanywe nyumbani.

Tusome vizuri. FDA haikusema mashine zitupwe. Imesema ni tiba. Maana yake ni kwamba anayeishika awe mtu aliyesoma ngozi, ajue nani hafai kufanyiwa (mjamzito, mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo, mwenye maambukizi usoni, anayeota keloidi), na ajue la kufanya mambo yakiharibika. Ikiwa mashine zilizopitishwa, mikononi mwa watu wenye leseni, zimeacha ripoti kama hizi, basi kiwango cha 7 kati ya 10 za kitu kisichojulikana ni nini?

Turudi Manda

Sisi si wageni wa bidhaa za Uchina. Wachimbaji wa mambo ya kale, kuanzia Neville Chittick, wamefukua kwenye magofu ya mji wa Manda vyombo vya Uchina na vya Ghuba vya tangu karne ya 9. Mwaka 2013 watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kupatikana kisiwani sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala Uchina kuanzia 1402 hadi 1424. Kwa hiyo sina kinyongo na Guangzhou. Nusu ya vifaa vyangu vya kazi vimetoka huko. Lakini mnunuzi wa bakuli la kauri aliweza kuligonga kwa ukucha akasikia kama lina ufa. Mashine iliyofungwa skrubu, yenye programu isiyoonekana, hugongi ukasikia kitu. Inabidi awepo mtu aliyeikagua kwa niaba yako.

Na fikiria mahali tulipo. Uwanja wa ndege uko Manda, lakini karibu kila kitu kingine kiko ng'ambo. Mteja akiungua saa moja usiku, atafutiwe boti, avushwe Amu hadi hospitali ya King Fahd. Madaktari bingwa wa ngozi wengi wako Mombasa na Nairobi. Huku kwetu umeme wa sola na jenereta ndio tegemeo la wengi, na kila mwenye jenereta anajua taa zinavyopepesa friji ikiwaka. Mashine iliyotengenezwa vizuri ina kidhibiti cha ndani cha kuvumilia hayo. Isiyojulikana, je? Hutaki kulipata jibu kwenye shavu la bibi harusi.

Kuna sheria pia. Kwa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosimamia vifaa vya tiba, na Baraza la Madaktari, KMPDC, ndilo linalosajili madaktari na kutoa leseni kwa vituo vya afya. Chumba cha hina hakigeuki kliniki kwa kununua mashine. Jambo likiharibika, muuzaji wa Guangzhou hataitwa kituo cha polisi cha Lamu. Ataitwa yeye.

Nilipomweleza haya alinijia juu, na hoja zake si za kipuuzi. Alisema: wageni wanaiulizia kila msimu, na pesa hiyo inaishia Nairobi. Alisema: nyinyi mliosoma kila kitu mwaona hatari, na sisi tutabaki kusugua liwa mpaka lini? Alisema atajifunza, video zipo.

Hoja ya kwanza naikubali. Ni kweli visiwani tunaonyimwa huduma ni sisi. Lakini dawa yake ni daktari wa ngozi kuja kwa ratiba na mashine iliyosajiliwa, na yeye kuwa mwenye chumba, mwenye wateja na mwenye asilimia yake. Hiyo ni biashara. Hoja ya pili inaniuma zaidi. Nimemjibu kwamba liwa na singo havina aibu yoyote. Wageni wanapanda ndege kufuata vitu hivyo, na vyote akikosea vinaoshwa kwa maji. Hoja ya tatu siikubali hata kidogo. Video inakufundisha namba za mtu mwingine, kwenye mashine nyingine, kwenye ngozi nyingine.

Na tusisahau kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Angalia mafundi wa Maweni wanaochonga mawe ya matumbawe juani mchana kutwa, kisha angalia mgongo wa fundi huyo huyo uliofunikwa na shati. Mtu ni mmoja, umri ni mmoja, ngozi ni mbili. Miale ya jua inavunja kolajeni kila siku bila kukuomba ruhusa. Kofia, mtandio na mafuta ya kukinga jua vinaokoa kolajeni uliyonayo tayari. Havina picha za kabla na baada, ndiyo maana havitangazwi.

Hajaamua bado. Zamu ni yake na uamuzi ni wake.

Ukiamua kufanyiwa, uliza haya

Kwa msomaji wa Mombasa, Nairobi, Dar au Muscat aliyekwisha kuamua, mimi si daktari na sikuzuii. Ila kabla hujalaza kichwa, uliza:

1. Daktari ni nani, na namba yake ya usajili ni ipi? Kwa Kenya orodha za KMPDC zinatafutika mtandaoni. Dakika mbili tu.

2. Mashine inaitwaje, nani kaitengeneza, na imesajiliwa kwa kazi hii? Omba kuona bamba lake la nyuma lenye namba.

3. Ncha ifunguliwe mbele yako kutoka pakiti iliyozibwa, na ikitoka usoni mwako itupwe kwenye sanduku la sindano, nawe unaona.

4. Kina gani, nguvu gani, na kwanini namba hizo kwa ngozi yako? Aziandike kwenye karatasi uondoke nayo. Ukipata tatizo, daktari wa pili atazihitaji.

5. Amewatibu wangapi wenye ngozi kama yako? Picha alizonazo ni za baada ya miezi au za siku ya pili? Na picha zako zisiende Instagram bila ruhusa yako. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iko upande wako.

6. Nikiamka usiku ngozi inawaka moto, nampigia nani?

Mtu wa kweli hatakasirika kwa maswali haya. Akikasirika, umeshapata jibu.

Na kwetu sisi waandika programu

Neno la mwisho ni kwa wenzangu. Tumezoea kufikiri kwamba programu zetu zikikosea, mtu anapoteza faili. Siku hizi programu iko kwenye pampu ya dawa, kwenye kipima sukari, na sasa kwenye sindano za saluni. Ningependa kila mashine ya aina hii inayoingia nchini ilazimishwe kuhifadhi kumbukumbu ya kila pigo: saa ngapi, kina gani, nguvu gani, ukinzani ulikuwa kiasi gani. Kwa programu ni kazi ndogo, kumbukumbu ya mwaka mzima inaenea kwenye kadi ya simu. Na mteja awe na haki ya kupewa nakala yake, kama anavyopewa risiti ya M-Pesa. Tumedai risiti kwa shilingi hamsini. Tudai na kwa uso.

Kama wewe ni daktari wa ngozi na uko tayari kuja visiwani kwa ratiba, niandikie, nitakuunganisha na mwenye chumba. Na kama uliwahi kufanyiwa, vizuri au vibaya, tuambie hapo chini ilikuwaje. Usitaje jina la kliniki, taja namba.

Mpaka wakati mwingine. Kwaherini.